Mlezi wa Bendera ya Ulembeni

Katika zama ambazo kila mji wa pwani ulikuwa na mfalme wake, mizinga yake na ugomvi wake na jirani, mji wa Ulembeni ulikaa siku arubaini na tatu umezingirwa na vyombo vya Chongowe. Ukuta ulikuwa haujatoka hata jiwe moja. Lakini visima vya maji matamu vilikuwa nje ya ukuta, na vile vya ndani vilitoa maji ya magadi ambayo mtu aliyanywa kwa kufumba macho. Watoto wakawa wanaharisha. Watu wazima wakapasuka midomo, na wakawa hawasemi sana, maana kusema kunaleta kiu.

Siku ya arubaini na nne waamuzi wa mji wa Tumbwe, ambao hawakuwa upande wowote, wakaja na neno la amani. Amani yenyewe ilikuwa hivi: chombo cha serikali cha Ulembeni na chombo cha serikali cha Chongowe vitakutana mlangoni mwa bandari asubuhi, waamuzi wakiwa katikati. Siwa ya pembe ya tembo itapulizwa mara tatu. Ikilia mara ya tatu, kila chombo kitashusha bendera yake hadi nusu ya mlingoti na kuipandisha tena, zote mbili kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo salamu ya watu walio sawa. Wakishasalimiana hivyo, Chongowe watang'oa nanga waende kwao.

Lakini ole wake atakayeshusha peke yake. Bendera ya serikali ikiinama na isijibiwe, imesujudu, na mji wake umekuwa mtumwa wa mji wa pili. Funguo za lango zitatolewa siku hiyohiyo, na kila nyumba itatoa mtu mmoja akafanye kazi kwa mabwana wapya, arudi au asirudi.

Nyumbani kwa Mwanashehe walikuwa wawili tu, yeye na dada yake Mwatime, na Mwatime alikuwa na mimba ya miezi minane.

Mwanashehe ndiye aliyekuwa mlezi wa bendera. Kwa desturi ya Ulembeni mwanamume aliruhusiwa kushika kamba ya bendera, lakini kitambaa chenyewe hakikuguswa ila na mikono ya wanawake wa ukoo mmoja, na ukoo huo ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeikata ile bendera nyekundu na kuishona ukingo mweupe kwa nyuzi saba. Yeye ndiye aliyeikunja na kuikunjua. Haikupanda mpaka jua lote liwe limetoka baharini, na ilishushwa kabla jua halijagusa nchi kavu. Haikulazwa sakafuni. Na ikiwa juu, mlezi alisimama chini ya mlingoti ameshika kamba nyembamba iliyofungwa kwenye pembe yake ya chini, ili isijiviringe mlingotini kama nguo ya mlevi.

Basi asubuhi hiyo alisimama pale, amevaa kaniki mbili na ukaya wa melimeli kichwani, ile kamba nyembamba mkononi.

Chombo chao kilikuwa mtepe mkubwa, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi, hakina msumari hata mmoja. Mbele yake kilipeperusha bendera nyeupe ndogo, maana Malkia Mwana Ziada mwenyewe alikuwa ndani. Angeteremka hata kwenye mashua tu, ile nyeupe ingeshushwa hapohapo. Malkia alikaa kwenye kiti cha mpingo, amevaa joho jeusi la nyuzi za dhahabu, hasemi na mtu. Kamba ya bendera nyekundu ilishikwa na Nahodha Shekue, mtu wa miaka sitini, mwenye kilemba cha hariri na kitara kiunoni, aliyekuwa akikohoa kohoa kwa kiu.

Mbele yao, kiasi cha mtupo wa jiwe mara tatu, kilielea chombo cha Chongowe. Kilikuwa kipya, cheusi kwa lami, kimepigwa misumari ya chuma toka mkuku hadi ubavuni, na mizinga sita imechungulia. Mabaharia wake walikuwa wamekunywa maji ya kutosha, na walikuwa na sauti.

"Enyi Ulembeni!" alipaza mmoja. "Hicho ni chombo au ni kikapu cha kuchukulia samaki?"

"Ni kikapu!" akajibu baharia wa Ulembeni, kwa sauti iliyokauka. "Tumekuja kukuchukueni!"

"Kishoneni vizuri, msije mkatuzamia kabla ya salamu!"

"Na ninyi tieni mafuta hiyo misumari! Kutu yenu tunaisikia harufu mpaka huku!"

Watu wakacheka pande zote mbili, cheko la watu wenye vidole kwenye mapanga. Mwanashehe hakucheka. Alikuwa na tabia moja ambayo tangu utoto ilimfanya aitwe mzito: aliangalia kitu kimoja muda mrefu, mpaka wenzake wakachoka kumngojea. Sasa aliangalia bendera ya Chongowe.

Ilikuwa ya kijani kibichi, nzuri, mpya. Upepo ulikuwa mwanana, lakini mawimbi marefu yalikuwa yakiingia kutoka nje, na vyombo vyote viwili vilikuwa vikiyumba. Chini ya mlingoti wa Chongowe alisimama askari ameshika kamba kwa mikono miwili, amejipanga kweli kweli kama mtu wa kazi hiyo. Hawakuwa na mlezi. Kwao kazi ya bendera walikwisha kuwaondolea wanawake, wakawapa askari.

Chombo kilipolala upande, kamba ya askari ilitoka mbali na mlingoti, ikapinda, ikarudi.

Bendera haikushtuka.

Mwanashehe aliinua macho kwa bendera yake mwenyewe. Mtepe ulipolala upande, kamba ya Nahodha ilivutika, na pembe ya juu ya kitambaa ikavutika nayo, ikapanda kidogo, ikashuka kidogo. Ilikuwa ni lazima. Alitazama tena ng'ambo. Wimbi la pili. Kamba ikacheza. Kitambaa kikapepea kwa upepo wake, lakini pembe ile ya juu, iliyo karibu na mti, ilikaa tuli kana kwamba imeota pale. Wimbi la tatu likawa hivyohivyo.

Jasho likamtoka mgongoni, naye hakujua mwili wake bado ulikuwa na maji ya kutoa jasho.

"Nahodha," alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuza kichwa. "Ile bendera yao haikufungwa kwenye kamba."

"Tulia, mwanangu. Sote tuna hofu."

"Si hofu. Itazame kamba yao. Inacheza peke yake. Imepita kwenye roda juu na imerudi mikononi mwake, haikushika kitu. Bendera wameigongea misumari mlingotini."

Nahodha Shekue alikunja uso akatazama. Macho yake yalikuwa ya miaka sitini. "Mimi naona mtu ameshika kamba, na bendera iko juu."

"Wallahi, Nahodha, haishuki ile. Siwa ikilia mara ya tatu utashusha wewe peke yako."

Nahodha alifinya macho tena kuelekea ng'ambo. Kisha midomo yake ikatikisika ndani ya ndevu. "Hata kama ni kweli, nifanyeje? Nisiposhusha, na wao wakashusha, tumevunja mkataba mbele ya waamuzi, mizinga ile sita itasema. Nikipiga kelele kwamba wamegongea, nani atapanda akaangalie? Watasema Ulembeni wanatafuta sababu. Una hakika kiasi cha kuutia mji mzima rehani?"

Mwanashehe alikuwa na hakika ya mbao na kamba na kitambaa. Hakika ya mji mzima hakuwa nayo, wala hakujua mtu huipata wapi.

Katikati, kwenye mashua ya Tumbwe, Kadhi Mzamili, mkubwa wa waamuzi, aliinua mkono. Mpiga siwa akaiweka midomoni ile pembe ndefu ya tembo.

Siwa ikalia mara ya kwanza.

Kila aliyekuwa na upanga akautia alani, kama ilivyoagizwa. Malkia akasimama. Ng'ambo ile, Fumo Shafi, bwana wa Chongowe, naye akasimama, mtu mfupi mwenye joho jekundu, mikono ameifunga kifuani. Hakuwa na wasiwasi hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha Mwanashehe kupita yote.

Akaanza kuzipitia desturi za bendera moja moja, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Bendera ya mfalme mgeni husalimiwa kwanza bandarini kwake. Hapa si bandari yao. Bendera ya maiti hukaa nusu mlingoti. Hapana. Bendera iliyofungwa fundo ni kilio cha chombo kinachozama. Waamuzi wangeuliza kinazama wapi. Bendera iliyochanika...

Akasimama hapo.

Bendera ya serikali iliyochanika haisalimu wala haisalimiwi. Ikichanika mbele ya bendera ya serikali nyingine, hushushwa palepale, na ile ya pili nayo hushushwa imngojee mwenzake, ili isije moja ikakaa juu hali nyingine imevuliwa nguo. Kisha zote mbili hupandishwa upya kwa pamoja. Asiyeshusha kumngojea mwenzake amevunja amani, na miji yote humfungia bandari. Ilikuwa desturi ya zamani. Yeye mwenyewe hakupata kuiona ikitumika hata mara moja. Pengine askari wa Chongowe hakupata hata kuisikia.

Lakini desturi hiyo ilikuwa na mkia wake, na mkia huo aliujua vilevile. Mlezi akiichana bendera ya mji kwa mkono wake, hata kama ndiye aliyeishona, hana mji tena. Haambiwi kesho. Jua la siku hiyo likizama, asikutwe ndani ya ukuta.

Siwa ikalia mara ya pili.

Nahodha Shekue akaifungua kamba kwenye kijiti chake, akaizungushia kiganjani. "Ya Rabi," alisema. "Ya Rabi, tusitiri."

Mwanashehe aliizungusha ile kamba nyembamba mara mbili kwenye ngumi yake. Alimfikiria Mwatime, jinsi siku hizi asivyoweza kuinuka bila kushikwa mkono. Nani angemshika? Akavuta.

Kitambaa kilikataa. Zile nyuzi saba alizozishona mwenyewe kwa kujidai, akiwaambia wenzake kwamba hata tufani haitaziweza, sasa zilimwekea ukaidi. Aliona mpiga siwa akivuta pumzi. Aliona kifua chake kikijaa. Ndipo akakunja magoti na kujiangusha kwa uzito wake wote, mwili mzima ukaning'inia kwenye kamba ile.

Ukingo haukuachia. Kilichochanika ni kitambaa chenyewe, pembeni mwa mshono, kutoka chini mpaka juu, kwa mlio ambao watu wa vyombo vyote vitatu waliusikia.

"Mama yangu!" alipiga ukelele Nahodha. "Umefanya nini?"

"Imechanika!" Mwanashehe alipaza sauti, akiwa bado ameanguka sakafuni. "Bendera ya Ulembeni imechanika! Shusha, Nahodha! Shusha yote! Na Chongowe washushe watungojee!"

Siwa haikulia mara ya tatu. Mpiga siwa alibaki mashavu yamejaa, anamtazama kadhi.

Nahodha hakuwa mtu wa akili nyepesi, lakini alikuwa baharia, na desturi ilimfikia mikononi kabla ya kumfikia kichwani. Akaishusha ile nyekundu yote, mpaka mikononi mwa Mwanashehe, nayo haikugusa sakafu. Mlingoti wa Ulembeni ukabaki mtupu. Kadhi Mzamili akageuka upande wa pili.

"Chongowe!" aliita. "Mwenzenu amevuliwa. Shusheni mumngojee."

Askari wa Chongowe aliitazama kamba yake. Akamtazama bwana wake.

"Wamechana wenyewe!" alijibu Fumo Shafi. "Yule mwanamke, tumemwona sote! Hatushushi kwa ajili ya vituko vya wanawake!"

"Nani amechana ni neno la baadaye," alisema kadhi. "Shusheni kwanza."

"Kamba imekwama."

"Imekwama?"

"Imekwama kwenye roda. Vyombo vipya, unajua mambo yake."

Kadhi Mzamili alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya kuombea chakula, lakini hakuwa na haraka. "Basi si neno," alisema. "Nitakupa kijana wangu apande aikwamue."

Mashua ya Tumbwe ikasogea ubavuni mwa kile chombo cheusi. Mwanashehe, magoti sakafuni na bendera iliyochanika kifuani, aliona moshi mwembamba nyuma ya mizinga ya Chongowe. Mtu alikuwa amewasha utambi. Aliufuata ule moshi kwa macho, ukipanda, ukikatika, ukipanda. Lakini mashua ilikuwa na bendera ya Tumbwe nyuma yake, na atakayeipiga hiyo ameipiga pwani nzima. Fumo Shafi alijua hilo. Moshi ukazimika.

Kijana wa Tumbwe akapanda mlingotini kwa miguu mitupu. Alipofika juu alipapasa, akainamisha uso, akapaza sauti bila kuulizwa.

"Misumari, Kadhi! Minne! Na kamba haina kitu!"

"Kamba ndiyo hukwama," alisema Kadhi Mzamili polepole, akimtazama Fumo Shafi. "Msumari haukwami. Msumari hugongewa."

Kwenye mtepe walipiga kelele mpaka zile mbao zilizoshonwa zikalia. Watu waliokuwa hawana mate ya kutema walipiga vigelegele. Nahodha Shekue alikaa chini kama mtoto, akajifunika uso kwa ncha ya kilemba. Palepale waamuzi walitamka kwamba Chongowe wamevunja amani kwa hila, na kwamba bandari zote zitawafungia mpaka wavihamishe vyombo vyao. Fumo Shafi alikuwa na watu elfu mbili wa kulisha na mchele wa siku nne. Kabla ya adhuhuri nanga zake zilianza kung'oka moja moja.

Lakini hakuondoka kimya. Chombo chake kilipokuwa kikigeuka, alisimama nyuma akapaza sauti.

"Kadhi! Sheria yako imenipiga mimi. Na yule mwanamke je? Au sheria ya bendera ina macho upande mmoja?"

Kadhi hakumjibu. Aliiamuru mashua yake isogee ubavuni mwa mtepe, akapanda, akasimama mbele ya Malkia. Alionekana kama mtu aliyelazimishwa kula asichokipenda.

"Mwana, nasikitika kuuliza. Bendera ilichanikaje?"

"Upepo," alidakia Nahodha Shekue, kabla Malkia hajafungua kinywa. "Upepo wa asubuhi, Kadhi. Kitambaa kilikuwa kikuukuu."

Watu wote waliitazama bahari, iliyokuwa laini kama samli. Hakuna aliyecheka.

Malkia Mwana Ziada alimgeukia Mwanashehe. "Mwanashehe."

"Labeka, Mwana."

"Nahodha anasema upepo."

Mwanashehe aliona wazi kwamba mlango umefunguliwa, na kwamba Malkia ndiye aliyeufungua. Akitaka atapita. Akatazama ng'ambo: Chongowe wote walikuwa wamejipanga ubavuni, wametega masikio. Kama Ulembeni watasema upepo, jioni hii Chongowe nao watasema misumari ile iligongewa na Tumbwe. Kila mtu atakuwa na upepo wake. Na vyombo vile vilikuwa bado havijatoka nje ya mlango wa bandari.

"Nahodha ananionea huruma," alisema. "Ni mimi, Mwana. Kwa mkono huu."

Nahodha akaguna kama aliyechomwa. Malkia alimwambia kadhi, si yeye. "Umesikia. Sheria yetu inajulikana." Kisha akavua pete yake moja, akaitazama, akairudisha kidoleni, kwa sababu asiye na mji hapewi kitu na mfalme wake. Hata hilo lilikuwa katika desturi. Alichofanya ni kuinama, mbele ya watu wote, akamshika Mwanashehe mkono akamwinua sakafuni.

"Dada yako atakaa kwangu," alisema kwa sauti ya chini. "Atazalia kwangu. Hilo si zawadi kwako. Hilo ni kwake."

"Ahsante, Mwana."

"Usinishukuru, binti. Utanitoa machozi mbele ya wageni."

Hakuruhusiwa kurudi nyumbani kuaga. Waamuzi wa Tumbwe walimchukua kwenye mashua yao, akakaa karibu na usukani, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Nyuma yao malango ya Ulembeni yalifunguliwa, na watu wakamwagika kuelekea visimani, wamebeba mitungi, vibuyu, masufuria, mwingine kiatu. Sauti zao zilifika mpaka baharini. Alijaribu kumtafuta Mwatime kati yao, lakini ilikuwa mbali mno.

Kisha kwenye mtepe ikapanda bendera mpya, ile ya akiba. Binamu yake Mwanapate ndiye aliyeishika ile kamba nyembamba, msichana wa miaka kumi na mitano asiyepata kulea bendera hata siku moja. Mwanashehe aliitazama kwa muda, kama ilivyokuwa kawaida yake. Akaanza kujisogeza sogeza pale alipokaa.

"Una nini?" aliuliza Kadhi Mzamili.

"Pembe ya chini ameifunga vibaya. Ikipigwa na upepo wa alasiri itafunguka."

"Tuwarudie?"

"Mimi sina mji kule, Kadhi." Mashua ikaenda kidogo. "Lakini mtume mtu amwambie. Apitishe kamba mara mbili kabla ya kukaza. Na asimkemee, ni mtoto."

Kadhi alimtuma mtu kwa kidau kilichokuwa kikipita. Mwanashehe hakugeuza uso mpaka alipoona ile pembe nyekundu ikivutwa chini, ikafunguliwa, ikafungwa upya.

Kitabu cha waamuzi wa Tumbwe kimeweka mstari mmoja juu ya siku hiyo: bendera ya Ulembeni ilichanika, na bendera ya Chongowe haikushuka. Hakikuandika ni nani aliyechana. Waliokuwapo walimjua kwa jina na kwa ukoo, wakamtaja kila walipokaa kunywa maji, mpaka na wao wakaisha mmoja mmoja.